Tusekile na Damu ya Mumewe

Ndugu waombolezaji, mimi ni Andendekisye, kaka wa marehemu, na familia zote mbili, ya Mbeya na hii ya Nyololo, zimenipa jukumu la kueleza maisha yake.

Dada yetu Tusekile alizaliwa tarehe 3 Machi 1929 huko Ilomba, Mbeya, akiwa mtoto wa tano wa mzee Asukile, akasoma shule ya misheni hadi darasa la nne mwaka 1942, kisha akabaki hapo kufundisha wasichana kushona, kazi aliyoifanya kwa ukali ambao wanafunzi wake waliopo hapa wanaukumbuka vizuri.

Tarehe 9 Oktoba 1948 alifunga ndoa na Philbert Kihwele, fundi seremala wa hapa Nyololo, Mhehe aliyejifunza Kinyakyusa wakati wa uchumba na hadi leo anakiharibu, wakajaliwa Yudith na Tadeo.

Mwaka 1957 alianza kuvimba miguu na kukosa pumzi, na mwezi Agosti daktari wa hospitali ya misheni alieleza kuwa utando unaofunika moyo umekakamaa na unaubana, hivyo lazima apasuliwe, na kwa kuwa alikuwa amekonda na damu yake ilikuwa pungufu, bila shaka angehitaji kuongezewa nyingine, watoaji watafutwe mapema. Sisi ndugu tulichukia, tukaulizana ni mganga gani anayejua damu itamwagika kabla hajashika kisu, kama si yeye anayeitaka, tukawa tayari kumbeba mgonjwa turudi naye nyumbani, lakini Tusekile alikataa kuondoka, akasema anataka kupumua.

Tulipopimwa, damu iliyolingana na yake ilikuwa ya Philbert peke yake, na hapo wazee wa pande zote mbili wakaweka pingamizi, maana waliochanjiana damu ni ndugu, na ndugu hawaoani, kwa hiyo akimpa, ndoa imekwisha. Philbert alikuwa ameshakunja mkono wa shati, ila alimngoja mkwewe.

Baba alisema, “Mtoeni damu. Kama ni undugu, tutauzungumza mwanangu akiwa hai.”

Siku ya kupasuliwa alitokwa na damu nyingi kama daktari alivyosema, na ile ya mumewe ndiyo iliyomrudisha, akapona, akapanda mahindi yake, na tarehe 11 Februari mwaka huu wa 1959 akamzaa Ikupa, na wazee waliokuja kumwona mtoto walikula wali wakashiba, hakuna aliyetaja undugu.

Mwezi huu homa ya mapafu ilimkamata ghafla, akafariki tarehe 19 Juni, Philbert akiwa kando yake, nasi tumeumia sana.

Jana mazungumzo yale yalifufuliwa hapa msibani, ikaulizwa kama Philbert atatupa udongo kaburini kama mume au kama kaka. Baba alimshika mkono akamketisha kwenye mkeka wa mfiwa, naye akaketi nyuma yake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Nyololo, mafundi wenzake Philbert waliotengeneza jeneza, na wote waliosafiri kutoka Mbeya. Kuhusu kaka wa marehemu, tuliozaliwa naye tupo wanne, tunatosha.

Tusekile, mke wa Philbert, pumzika kwa amani.