Mto wa Sufi

Bajaji ilipotoka Visiga, Bi Mwanahalima alipakata furushi lake, akatega sikio. Dada aliyekaa katikati alikuwa akimsimulia baba mmoja abiria, mikono ikiruka kama ameshinda kesi.

"Miezi minne, baba, kila nikilala nakohoa! Nikapima kifua kikuu, sina. Juzi nikalala msibani siku tatu, mkekani, bila mto. Sikukohoa hata kidogo! Narudi kwangu, usiku uleule kikohozi hicho! Ndipo nikaukamata: mto wa sufi wa mama mkwe, umejaa vumbi!"

"Mama mkwe umemchoka," yule baba alicheka, "unausingizia mto."

"Nimeutoa, nalala fofofo!"

"Na akija akauulizia?"

Bi Mwanahalima alilipapasa furushi lake mpaka Kibaha. Bajaji iliposimama, mkamwana wake alikuja mbio kumpokea furushi. Ndani mlikuwa na mto wa sufi, wa pili kumshonea mkamwana huyo kwa mkono wake. Hakuliachia furushi.

"Shikamoo, mama!"

"Marahaba, mwanangu. Hebu niambie kweli: usiku huwa unakohoa?"