Sahihi ya Mwisho ya Mama Kioo

Ijumaa ya tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka ishirini na sita na miezi minne kazini, mkaguzi wetu wa programu, ambaye ofisi nzima humwita Mama Kioo, atarudisha kitambulisho na ufunguo wa kabati la vishikwambi. Kabati lina vishikwambi kumi na tisa. Sita haviwaki.

Aliajiriwa kupanga kurasa za vitabu vya mwongozo, enzi tulipokuwa tukichapa kwenye karatasi. Karatasi zilipoisha kazi akahamishiwa chumba cha ukaguzi, ahakikishe kwamba programu zilizotengenezwa kwa ajili ya simu zinafaa pia kwenye skrini pana ya kishikwambi. Nyingi hazikufaa. Zilikuwa za simu, zikavutwa tu hadi zikajaza skrini: herufi kama za bango, kitufe kimoja kimetanda ukingo hadi ukingo, na katikati uwanja mtupu. Mama Kioo alifunika nusu ya skrini kwa kipande cha boksi, kisha akamwita mtengenezaji aangalie. Kama hakuna cha maana kilichofichika, nusu hiyo ilikuwa ya bure, naye aliandika kasoro daftarini.

Kwa miaka kumi na mitatu alipewa jibu lile lile: "Mama, si inafunguka?"

"Hata mlango wa choo unafunguka, mwanangu," naye alijibu, na watu wakacheka. Toleo lililofuata lilikuja na kasoro ile ile. Daftari lina kasoro 1,412. Zilizorekebishwa ni 388. Hatuna sababu ya kuficha: tulimchosha.

Mwezi uliopita ikaja programu ya wauguzi, inayoonyesha dawa za kila mgonjwa wodini. Tuliijaribu sote, ikapita. Ilibaki sahihi yake, na hospitali ilikwisha kuahidiwa Jumatatu. Mama Kioo akaomba kwanza aende wodini kuiona ikitumika kwa majaribio.

Alichokikuta huko hakuna kati yetu aliyekiwaza. Stendi za mezani kwetu hushika kishikwambi kikiwa wima, kwa hiyo miaka yote tumekagua wima. Kwenye toroli la dawa nafasi ni fupi, na wauguzi hukilaza kwa ubavu. Kikilazwa, skrini hupungua kimo, na safu ya chini kabisa ya jedwali hutoka nje ya skrini. Safu hiyo ilikuwa ya dozi.

Aligoma kutia sahihi. Meneja alimwendea mwenyewe: "Mama, umebakiza siku kumi na nane. Tia sahihi ukapumzike."

Hakubishana. Alivuta toroli la chai, akalaza kishikwambi juu yake, akaweka kikombe na kopo la vifungo vya shati. Akamwomba meneja ampe mgonjwa wa kwanza dawa yake, kifungo kimoja kwa kidonge kimoja. Meneja akasoma jina la mgonjwa, jina la dawa, na namba iliyofuata. Akahesabu vifungo vinane.

"Hiyo nane ni saa, bosi. Kila baada ya saa nane," Mama Kioo alisema. "Kidonge ni kimoja."

Meneja alirudisha vifungo saba koponi. "Haya," akasema, "nimekoma." Tarehe ikasogezwa wiki mbili.

Jedwali limepangwa upya: kishikwambi kikilazwa, dozi inakaa kando ya jina la dawa. Jumanne Mama Kioo alisimama wodini zamu nzima, na magoti yake yanayouma, akifuata toroli kitanda hadi kitanda. Alipotoka akatia sahihi, akaomba maji, akakaa kwenye benchi la ukumbini nusu saa.

Programu nyingine saba zinasubiri kukaguliwa. Nafasi yake haijatangazwa. Amesema hataki hotuba, na kwamba sherehe isizidi saa moja kwa sababu amechoka. Tutamtii, ingawa tumechelewa kuanza.

Mama, asante kwa Jumatatu ile uliyotuzuia. Wagonjwa wa wodi ile hawatajua kwamba ulipita, na hivyo ndivyo kazi yako ilivyokuwa siku zote. Tunakuombea afya, usingizi wa mchana usiokatizwa, na wajukuu wenye subira. Tutakupigia simu tukikwama. Usipokee.