Bao la Mwalimu Costancia wa Kidete

Wasikilizaji wapendwa, wekeni chini vyombo kidogo, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka Mwalimu Costancia Timotheo. Amefariki Jumanne, nyumbani kwake Mikumi, akiwa na miaka sabini na moja. Mwalimu Costancia alifundisha watoto kufikiri kwa kutumia bao. Ndiyo, bao hilihili la kete na mashimo.

Mwaka 1995 alikuwa akifundisha Kidete, kule reli inakopita kando ya mto Mkondoa. Kompyuta zilikuwa zimeanza kuingia maofisini mijini, na yeye aliiona ya kwanza Morogoro, alipokwenda semina. Akamuuliza kijana aliyekuwa akiitumia, "Hii inafikirije?" Kijana akacheka. "Haifikiri, mama. Inafuata maagizo. Ukiiagiza upuuzi, inafanya upuuzi." Jibu hilo lilimkaa kichwani safari nzima ya treni.

Shule yake haikuwa hata na umeme. Akachukua bao la marehemu baba yake, akaliweka mezani darasa la sita. Baadaye fundi akamchongea mengine matano. Mtoto mmoja anaandika maagizo, hatua kwa hatua. Mwenzake anayafuata bila kuongeza la kwake. Huyo ndiye mashine.

Wazazi waliposikia bao, wao walielewa kamari. Maneno yakafika wilayani. Ijumaa moja afisa akaja, barua ya kumsimamisha kazi mwalimu ikiwa tayari mkobani. Kilichobaki ni kuliona somo lenyewe. Binti yake, Imelda, ametuambia: "Asubuhi ile mama hakunywa hata chai. Alipiga pasi gauni moja mara mbili."

Darasa lilijaa watu hadi madirishani. Na wiki ile, wasikilizaji wapendwa, Kidete hapakuwa shwari. Ng'ombe wa wafugaji waliotoka Kanda ya Ziwa walikuwa wameingia kwenye mahindi ya wenyeji. Wenyeji walikaa upande mmoja, wafugaji upande wa pili, na salamu hazikuvuka katikati.

Happyness, wa upande wa wenyeji, mjukuu wa Mzee Elikana, mwenyekiti wa kamati ya shule, ndiye aliyeandika maagizo ubaoni. Kulwa, binti wa mfugaji Maduhu, akawa mashine. "Chukua kete za shimo la tatu. Sambaza moja moja." Kulwa akahesabu mashimo kutoka kulia, maana ndivyo wanavyocheza kwao. Happyness alikuwa amehesabu kutoka kushoto, maana ndivyo wanavyocheza kwao. Kete ya mwisho ikaangukia shimo tupu. Kulwa hakula kete hata moja.

Watu wakaangua kicheko. "Hao wanajua ng'ombe tu!" mmoja akapayuka. Maduhu akasimama, fimbo mkononi. Vijana wa upande wa pili nao wakasimama. Afisa akafungua mkoba.

Costancia alijua njia rahisi ipo. Aseme tu mtoto kakosea, amchape viboko viwili mbele ya wakubwa, kazi yake ipone. Hakuna ambaye angemshangaa. Tusimpambe kwa kuwa amekufa. Aliogopa sana.

"Baba Kulwa, nakuomba ukae," akasema. "Kulwa hajakosea. Amefuata kilichoandikwa. Shimo la tatu kutoka wapi? Hatukuandika. Na maagizo haya niliyapitia mimi jana, nikayapitisha. Kosa ni langu."

Mwalimu anakiri kosa mbele ya afisa! Happyness akachukua chaki bila kuambiwa, akaongeza: "Hesabu kuanzia kushoto kwako." Kulwa akarudia. Safari hii akala, tena kete nyingi.

Mzee Elikana aliutazama ubao kwa muda. "Hata mimi ningedhani anajua pa kuanzia kuhesabu," akasema taratibu. Maduhu akakaa.

Barua haikutoka mkobani. Lakini kwa hofu ileile ya kamari, mabao yote sita, hata lile la baba yake, afisa aliondoka nayo, na hayakurudi. Jumatatu watoto wakachimba mashimo uwanjani, wakaokota kokoto, somo likaendelea. Mwalimu Costancia alilifundisha hivyo Kidete, kisha Mikumi, hadi alipostaafu.

Kulwa, ambaye sasa ni mama wa watoto wanne, ametupigia simu leo. "Siku ile nilijua fimbo inakuja," amesema. "Nilishakunja mabega. Haikuja."

Kwako Imelda, kwa wajukuu, kwa ndugu wa Kidete na majirani wa Mikumi, poleni sana. Mungu ampumzishe mwalimu wetu mahali pema. Nanyi wasikilizaji wapendwa, mtoto wako akikosea leo, usianze na fimbo. Anza kwa kukumbuka ulimwambia nini.