Boksi la Sabuni, Vitabu Mia Tatu

Dada: Haloo? Nani mwenzangu?

Fundi: Mimi hapa, dada. Mdogo wako.

Dada: Wewe, Fundi? Namba ngeni hii, nusura niikate.

Fundi: Simu ya dereva wa pikapu. Yangu imezima tangu alfajiri. Shikamoo kwanza.

Dada: Marahaba. Umeshaingia ndani?

Fundi: Nimeingia. Niko mbele ya ka— (mkwaruzo) —nyewe.

Dada: Nini? Unakatika!

Fundi: Nasema niko mbele ya kabati la vitabu! Lile nililokutengenezea harusini. Miaka kumi na sita, dada, halijapinda hata unywele. Nikifungua skrubu nane tu nalibeba zima-zima—

Dada: Acha kabati. Nyumbani kuna nani?

Fundi: Sijaona mtu. Ufunguo nimeuchukua kwa jirani, kama shemeji alivyoelekeza. Boksi kaliacha katikati ya sebule. La sabuni. Anasema hilohilo likijaa, basi.

Dada: La sabuni? La ukubwa gani?

Fundi: Inchi kumi na nane kwa kumi na mbili. Vitabu thelathini vikibanwa, thelathini na tano vikibembelezwa. Na kabatini naona kama mia tatu. Kwa hiyo taja, upesi. Saa sita dereva ana mzigo wa watu, na saa sita shemeji anarudi.

Dada: Sasa hivi saa ngapi?

Fundi: Tano na dakika ishirini.

Dada: Mungu wangu. Na mimi nina mama kitanda cha nne, njia imeshafunguka sentimita nane. Nimesimama kwenye ngazi za nyuma kwa sababu wodini mtandao haushiki. Wakiniita nakimbia, usinilaumu.

Fundi: Wakunga wenzako je?

Dada: Tuko wawili kwa vitanda kumi na viwili. Si ndiyo hayohayo tuliyoandamania? Glavu hamna, maji hamna, mikono—

Fundi: Dada, hotuba baadaye. Vitabu.

Dada: Haya. Anza chini, rafu ya watoto. Cha tembo anayeogopa maji.

Fundi: Tembo... tembo... Subiri, niweke spika, nahitaji mikono miwili. Haya. Tembo huyu hapa. Kona imetafunwa.

Dada: Kitindamimba huyo. Alikuwa anaota meno. Tia. Sasa cha wa kati, kina picha ya darubini ya karatasi.

Fundi: Hiki cha sarufi je? Kinene, kina heshima.

Dada: Unachagua kwa unene kama unachagua mbao!

Fundi: Mbao nyembamba inapinda, dada.

Dada: Tia cha darubini. Mtoto huyo kutwa "kwa nini, kwa nini", kanichosha, bora akabishane na kitabu. Na vile vidogo vya mafumbo, vyote sita. Na cha mwanamke aliyepima nyota.

Fundi: Vimeingia. (Honi mbali.) Nasikia, dereva, nasikia! Rafu inayofuata.

Dada: Hapo vya watu wazima. Kuna cha upelelezi, jaladani kiatu kimoja cha kike. Tia, ni cha fundi cherehani.

Fundi: Fundi cherehani gani tena?

Dada: Mpangaji mwenzangu. Tuko sita kwenye ua mmoja. Jioni tunakaa, mmoja anasoma kwa sauti, wengine mikono inafanya kazi. Nilifika na kitabu kimoja kwenye mkoba, tumekisoma kimeisha, tumekirudia, sasa wananidai mapya. Mama wa mkaa anataka cha mapenzi, lakini wasife mwishoni. Kasema vifo anavyo vya kutosha.

Fundi: Hiki wanakumbatiana kwenye mvua.

Dada: Hao wanakufa. Chini yake.

Fundi: Hawa wamepeana mgongo.

Dada: Hao wanaoana. Tia. Na mashairi, jalada la kijani. Hapana, acha. Au... tia. Tia, Fundi.

Fundi: Nitie nisitie?

Dada: Nimesema tia!

Fundi: Sawa, usinipande kichwani, mimi mbebaji tu. Mbona unahema hivyo?

Dada: Napanda na kushuka ngazi. (Sauti nyuma yake: "Sista!") Nakuja! Mwambie asisukume bado! Fundi, endelea. Unaona nini?

Fundi: Kinene kuliko vyote, kimevalishwa gazeti. Nafungua... mji, uko chini ya maji, na samaki wana taa. Hiki wadogo watakipenda, nakitia—

Dada: Hicho acha.

Fundi: Lakini nafasi ipo.

Dada: Acha. Cha Chiriku hicho.

Fundi: Ah.

Dada: Kila jioni sura moja. Yeye ukurasa huu, mimi ule. Kirudishe palepale mkono wake unapofika. Na kilicho pembeni, cha binti anayefuga radi, nacho acha. Na kamusi acha, ana mtihani. Na ule mfululizo wa watu wenye vivuli viwili—

Fundi: Dada. Boksi nusu tupu, na wewe kila nikigusa unaniambia acha.

Dada: Anavyovipenda visiguswe. Asije akarudi hapo akakuta na kabati limemkimbia.

(Mkwaruzo.)

Fundi: Binti yako bado hajakupigia?

Dada: Wiki ya tatu. Namwandikia, naona kausoma ujumbe, hajibu. Mtoto ambaye walimu walimhamisha dawati mara nne kwa kupayuka! Tulimwita Chiriku bure?

Fundi: Umri huo, dada. Kumi na minne. Wangu alininunia mwezi mzima kwa sababu ya viatu.

Dada: Viatu si sawa na hili. Alisimama hapohapo ulipo, akasema, mimi nabaki na baba. Nikamwambia sawa. Begi likiwa mkononi, wadogo zake wanalia, teksi inapiga honi. Sawa! Neno moja. Nimelirudia kichwani mpaka limechakaa. Labda alitaka nimkatalie, Fundi. Labda alikuwa ananipima, na mimi nikajibu kama karani wa dirishani.

Fundi: Usijichome.

Dada: Siachi kujichoma. Sasa sikiliza. Rafu ya pili, kushoto kabisa. Vitabu vitano, migongo myekundu. Hivyo hata boksi likipasuka, tia.

Fundi: Vinahusu nini, nisije nikakosea?

Dada: Watu waliodai haki zao. Wanawake wa kiwanda cha nguo, wavuvi walioziba barabara, wauguzi. Vitano. Kushoto.

Fundi: Kushoto pana pengo.

Dada: Tazama vizuri.

Fundi: Dada, pengo ni pengo. Vumbi limeacha alama ya vitabu vitano, vyenyewe hamna.

Dada: Kavichoma.

Fundi: Tusiseme tusilolijua.

Dada: Kavichoma, Fundi! Siku niliyotoka rumande kwa yale maandamano alivikumbatia vyote hivi, akaniambia, hivi ndivyo vilivyokutia kichwa. Vitabu hivi au nyumba hii, chagua. Nikadhani ni hasira tu. Siku tatu nimelala kwenye saruji, narudi nyumbani naambiwa nichague! Na nimeshatoka, nimemwachia nyumba yake, kumbe bado ilimbidi avichome! Mwanamume gani—

Fundi: Dada.

Dada: —mwanamume gani anaona wivu na karatasi—

Fundi: Dada, nyamaza kidogo.

Dada: Na wewe usininyamazishe!

Fundi: Simu iko spika. Na Chiriku amesimama mlangoni.

(Mkwaruzo.)

Dada: Tangu lini?

Fundi: Mimi kisogoni sina macho. Chiriku, umesimama hapo tangu lini? ... Anasema tangu tembo.

Dada: Yaani... yote?

Fundi: Yote.

Dada: Mpe simu.

Fundi: Anatikisa kichwa. Mikono imejaa. Kashika vitabu kifuani. Dada... vyekundu. Vitano.

Chiriku: (Kwa mbali.) Baba hakuvichoma.

Dada: Chiriku? Sogea, mwanangu, sikusikii vizuri.

Chiriku: Nasema baba hakuvichoma. Nilivichukua mimi. Siku ileile, kabla teksi yenu haijapinda kona. Vilikuwa chini ya godoro langu.

Dada: Ulitaka kunikomesha?

Chiriku: Mwanzoni. Halafu nikataka kujua vina nini ndani.

Dada: Na vina nini?

Chiriku: Kimoja kinachosha. Kurasa mia za mikutano, nani kafungua, nani kafunga.

Fundi: (Anacheka.) Msema kweli mpenzi wa—

Dada: Fundi, kaa kimya. Endelea, mama.

Chiriku: Cha kiwanda cha nguo nimekisoma mara mbili. Walipozima mashine wakakaa chini. Kuna yule mmoja, askari walipowabeba, alikuwa na mtoto mgongoni. Wakamwambia mwache mtoto kwa jirani. Akakataa. Akaenda naye.

Dada: Namkumbuka.

Chiriku: Yeye alikwenda naye.

Dada: Ndiyo.

Chiriku: Mimi ulisema sawa.

Dada: Nilisema sawa. Nilikosea, Chiriku. Nilitakiwa niweke begi chini, nikuulize mara ya pili. Hata ya tatu. Hata teksi ingeondoka. Nisamehe, mwanangu.

Fundi: (Taratibu.) Kachukua kitabu cha tembo boksini, anafutia macho.

Chiriku: Mjomba!

(Honi, ndefu.)

Fundi: Subiri wewe! Huyu dereva ana roho ya moto. Dada, na simu yake inatoa mlio, salio linaisha.

Dada: Dakika moja tu. Chiriku, upo?

Chiriku: Nipo. Mama, huko kwenu mna taa ya kusomea?

Dada: Hakuna. Kuna balbu moja katikati ya chumba. Tunaisogelea kama wadudu.

Chiriku: Basi nakuja na yangu.

Dada: Una... unakuja? Leo?

Chiriku: Mpaka kesho jioni. Halafu nitaona.

Dada: Na baba yako?

Chiriku: Nilimwambia jana usiku. Nikamwambia labda nitaenda, labda sitaenda. Nilitaka nisikie kwanza utabeba nini.

Dada: Akasemaje?

Chiriku: Hakusema kitu. Asubuhi nimekuta kanipigia pasi magauni mawili.

Dada: Baba yako? Pasi?

Chiriku: Kola ya moja kaiunguza.

(Dada anacheka, au si kicheko.)

Fundi: Mimi hapa nasema hivi, vitabu vya mpwa wangu navitia boksini, na boksi likijaa vingine avishike mapajani. Shemeji alihesabu boksi, mapaja hakuyataja.

Dada: Si vyote, Fundi. Aseme mwenyewe anachotaka. Chiriku, usihamishe kabati lako lote kwa ajili yangu. Baba naye asikute rafu tupu. Chagua.

Chiriku: Cha samaki, na vyekundu vitatu. Viwili nimeshamaliza, hivyo namwachia baba mezani.

Dada: Mezani kwa baba?

Chiriku: Na yeye asome. Akinuna, anune.

(Sauti nyuma ya Dada: "Sista! Kichwa kinaonekana!")

Dada: Nakuja, nakuja! Vaa glavu, zile mbili za mwisho ziko droo ya juu! Chiriku, sikiliza haraka. Natoka saa kumi. Wadogo zako wako kwa mama wa mkaa, mlango wa kwanza ukiingia uani. Mwambie wewe ni wa kwanza wangu. Ufunguo anao. Usiogope sauti yake, ndivyo alivyo. Na jioni—

Chiriku: Mama, hutachelewa huko?

Dada: Jioni wanataka mtu wa kuwasomea, na mimi nitakuwa hoi, kwa hiyo—

Chiriku: Nitasoma mimi. Cha mapenzi?

Dada: Cha mapenzi, cha upelelezi, cha samaki wenye taa, chochote! Wewe—

Fundi: Salio, dada, salio!

Dada: Fundi, mshike vizuri kwenye pikapu, asikae nyuma! Akae mbele! Na—

Chiriku: Mama, nenda. Kuna mtu anaza—

(Simu inakatika.)