Dirisha Lisilofunguka

"Dirisha hilo halifunguki, mwanangu," seremala alimwambia mwoka keki aliyekaa dirishani. "Basi hili nalipanda miaka nenda miaka rudi." Joto lilikuwa la tanuri, na maua ya sukari kwenye keki aliyoipakata dada huyo, ya harusi ya mdogo wake, yalishaanza kulegea. "Umewahi kulijaribu, baba?" "Nijaribu nini, na najua?"

Dada mtu akampakatisha seremala keki, akasukuma kioo. Kikateleza kama kimepakwa siagi. Upepo ukaingia, abiria wakacheka. "Bahati tu hiyo," seremala akanung'unika, ndevu zikipepea.

Basi liliposimama, mwoka keki alishuka na maua yake wima. Nyuma yake abiria mmoja akalalamikia vumbi: "Mzee, funga dirisha!"

"Halifungiki hili," alijibu seremala, keshahamia kiti cha dirishani. "Nalijua."