Ufunguo wa Chumba cha Pasi

Sogeeni wanangu, sogeeni karibu, sauti yangu haina tena nguvu ya kuvuka chumba, na wewe mkubwa acha kusimama mlangoni kama askari wa benki, kaa hapo juu ya meza ya pasi, leo haina kazi nyingine. Nimewaita wote watatu mchana huu kwa sababu daktari amezungumza nanyi huko nje kwa kunong'ona, na mgonjwa akiona watu wananong'ona habari zake anajua mwenyewe safari imefika wapi. Msilie. Nimechoka, wanangu, na uchovu huu haukuanza na ugonjwa, ni wa zamani, umekaa mifupani tangu meno yangu yote yalipokuwa kinywani, ugonjwa umekuja kuuchukua tu. Nisikilizeni mpaka mwisho, asinikatize mtu, na nikikohoa nisubirini.

Mali sina nyingi. Mali ya dobi ni nguo za watu, zinapita mikononi na kwenda zake. Nyumba aliyoiacha baba yenu, vile vyumba vya ndani, mkubwa na wa kati gawaneni kama alivyowaambia mwenyewe, mimi sina neno. Pasi zangu za mkaa mpeni mkamwana wangu, mke wa mkubwa, yeye hudharau pasi za umeme na katika hilo tu tumewahi kuelewana. Na hili blanketi lililotandikwa juu ya meza uliyokalia si letu, ni la fundi viatu wa jirani, niliazima wakati wa mvua, yeye akasahau na mimi nikajifanya nimesahau. Mrudishieni, na mumwambie kwamba yale mabaka ya kuungua yalikuwa bahati mbaya. Sitaki kuzikwa na blanketi la mtu shingoni.

Kimebaki chumba hiki tulichomo, chenye mlango wake wa barabarani na ufunguo wake. Nyinyi mnadhani mgonjwa akifumba macho amefumba na masikio. Nimesikia. Mkubwa, unataka kukikodisha kwa wauza simu. Wa kati, mwalimu mzima, umeitikia kwa methali mbili na umeshaanza kupima ukuta kwa hatua zako. Na nimesikia la pili, mkilisema kwa sauti ya chini zaidi, kwamba nikishazikwa mtamshika mkono dada yenu na kumrudisha kwa mumewe. Hayo si mambo mawili, ni moja, na ndilo lililonifanya niombe kuinuliwa na kuwekewa mito.

Kitinda mimba wangu, usiinamishe uso, sikuiti kortini. Ulipokuja hapa na begi lako, kaka zako walikuuliza, anakupiga? Ukasema hapana. Anakunyima chakula? Hapana. Ana mwanamke nje? Hapana. Basi, wakasema, mwanamume mwenye duka lake la rangi, hapigi, halewi, unamkimbia kwa lipi? Ukawajibu neno moja tu, kwamba unaulizwa hata ukifungua dirisha. Unafungua kwa nini, umefungua tangu saa ngapi, ulikuwa unamtazama nani. Wakacheka. Mkubwa, ulicheka mpaka ukashika mbavu, ukasema mtu haachi ndoa kwa ajili ya dirisha. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, mwanangu. Mimi sikucheka. Niligeukia ukutani mkadhani nimelala.

Sasa sikilizeni jambo ambalo baba yenu na mimi tulikubaliana tusilisimulie, na yeye ametangulia, kwa hiyo ruhusa ni yangu.

Nyote mnajua kazi yetu. Kila mteja ana alama yake, mshono mdogo wa uzi wa rangi ndani ya kola au kwenye pindo, ili shati la kondakta lisije likaenda kwa karani. Siku niliyoletwa katika nyumba hii nikiwa bibi arusi, bibi yenu, mama yake baba yenu, alifungua sanduku langu, akatoa nguo zangu moja moja, akakaa nazo mapajani akazitia uzi mwekundu, msalaba mdogo, nguo zote mpaka za ndani. Akaniambia, "Hii ndiyo alama ya nyumba yetu, mwanangu, usije ukapotea." Alisema kwa mapenzi. Angelisema kwa ubaya ningejua namna ya kumjibu.

Baba yenu alikuwa mtu mwema, na nasema hivi nikiwa sina sababu ya kumpaka marehemu mafuta. Watu walimwita Mzee Kola kwa jinsi alivyozinyoosha kola zikasimama zenyewe, na hakuwahi kuniinulia mkono. Lakini mtu mwema naye anaweza kukukalia kifuani bila kujua, kama paka anavyomlalia mtoto mchanga kwa kufuata joto. Nikienda sokoni, alitaka kujua nilipita njia ipi. Nikinyamaza, bibi yenu aliuliza ninawaza nini, na shangazi yenu, wifi yangu yule, alijibu kwa niaba yangu. Sikuwa na kona. Hata kulia nililia nikiwa napiga pasi, ili nikiulizwa niseme ni moshi wa mkaa. Kila nilipolalamika kwa mama yangu mzazi aliniambia mvumilivu hula mbivu, na mimi nikavumilia mpaka mbivu zikaoza juu ya mti.

Ndipo nikaondoka. Mkubwa ulikuwa umeanza shule, wa kati ulikuwa unajifunza kukimbia. Mliambiwa mama amekwenda kumuuguza shangazi yake. Shangazi gani? Shangazi yangu alikuwa mzima kama kigongo. Mkubwa, kile chumba chenye ngazi za mbao ulichokuwa ukiletwa siku za mapumziko, juu ya karakana ya baiskeli, ukanywa chai ukaruka juu ya kitanda mpaka kikavunjika chaga, kile kilikuwa changu. Nilikipanga mwenyewe, nikaweka meza ya pasi na benchi la wateja. Niliwalilia nyinyi kila jioni, nisiwadanganye, niliwalilia mpaka titi likauma ingawa halikuwa na maziwa tena. Na bado, siku ya kwanza, kabla sijatafuta hata maji ya kunywa, nilichukua wembe nikakaa kitandani nikaufumua uzi mwekundu kutoka nguo zangu zote. Kisha nikavaa gauni langu la njano, nikafungua dirisha, nikalifunga, nikalifungua tena. Hakuna aliyeniuliza. Binti yangu, unaona kwa nini sikucheka?

Nipe maji. Kidogo tu. Ahsante.

Walikuja wazee. Walikunywa chai yangu, wakasema wametumwa kunirudisha, na shangazi yenu akapiga kelele kule chini ngazini kwamba nina bwana nimemficha uvunguni. Mpaka leo sijamsamehe, nitajaribu kabla ya jua kuzama, lakini msinitegemee. Nikawaambia wazee, chai ipo, safari ya kurudi nanyi haipo. Wakaondoka. Nikadhani mambo yamekwisha hapo.

Halafu asubuhi moja nikasikia hodi, nikaona baba yenu kwenye ngazi, amebeba furushi. Nikamuuliza amefuata nini. Akasema, "Nimeleta nguo." Wanangu, dobi mzima, mwenye duka lake, anapeleka nguo kwa dobi mwingine! Mtaa wote ulimcheka, mafundi wa baiskeli walipigiana kengele. Nilitaka kumfukuza, lakini palikuwa na wateja, na mteja hafukuzwi. Nikamwambia akae mwisho wa benchi, asubiri. Akakaa nyuma ya muuza samaki na kijana wa basi, furushi mapajani, akasubiri. Zamu yake ilipofika aliniuliza, "Utanitia alama gani?" Nikachukua uzi wa kijani. Nikautia ndani ya kola ya shati lake la kwanza, yeye akitazama.

Akawa anakuja. Mwanzoni alikuwa amenuna. Baadaye akaanza kusema, kwa sababu mtu akikaa kwenye benchi muda mrefu hana budi kusema. Nyumbani alijua kuniuliza nimetoka wapi, pale benchini akajifunza kuniuliza nimeshindaje, na maneno hayo mawili yana umbali kama wa huku na mbinguni. Nilimpenda pale, wanangu. Sikuwa nimewahi kumpenda hivyo tulipolala mto mmoja. Siku moja, wateja wameisha, akasema, "Sikukuja kukurudisha. Nimekuja kuuliza, ukirudi utataka nini?" Nikamjibu nataka chumba chenye ufunguo mmoja, uwe kwangu, na nguo zangu zisitiwe uzi na mtu. Hakubisha. Alikijenga kwa mikono yake mwenyewe, ndiyo maana ukuta huu umepinda na wewe mwalimu kila ukiupima unapata vipimo viwili. Dobi si mwashi. Kilipokwisha akaniletea ufunguo kule juu, akauweka kwenye meza ya pasi, akashuka bila kunisubiri. Nikarudi peke yangu, kwa miguu yangu, na mwaka uliofuata nikakuzaa wewe, kitinda mimba.

Mngependa niishie hapo. Hapana. Baba yenu alitimiza ahadi mpaka anakufa, hakuingia humu bila kupiga hodi, lakini maisha hayapigi hodi. Baiskeli zenu zililetwa humu mvua zikinyesha. Bibi yenu alipopooza aliuguziwa humu, alifia pale ulipokaa, mwalimu, nami nilimwosha na kumfulia, yeye aliyenitia uzi. Nguo za watu zilijaa mpaka darini. Ufunguo nilikuwa nao, nafasi ya kuuzungusha ndiyo sikuwa nayo. Kuna siku chache nilijifungia, mkaja mkagonga, mama unafanya nini, nikawajibu napiga pasi. Pasi ilikuwa ya baridi. Nilikuwa nimekaa tu, mikono mapajani, natazama mwanga chini ya mlango. Hizo ndizo siku zangu. Ni chache, wanangu, kwa maisha marefu hivi ni chache sana, na hilo ndilo linaloniuma kuliko kifua.

Basi sikieni neno langu. Chumba hiki ni cha dada yenu. Si cha mkubwa, si cha wa kati, si cha wauza simu, na si cha mumewe. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, nao walisema kweli, lakini wahenga hao walikuwa na milango yao. Benchi lile la zamani liko nyuma ya nyumba, lifuteni mliweke pale nje. Binti yangu, sikwambii usirudi kwa mumeo, na sikwambii urudi. Akituma wazee, wape chai, uwape na njia. Akija mwenyewe kwa hasira, mlango una ufunguo. Lakini akija na furushi la nguo zake, akakaa mwisho wa benchi nyuma ya watu wengine, akasubiri zamu yake bila kuuliza umechelewa wapi, basi huyo msikilize, kisha uamue. Ukiamua hapana, ni hapana. Na ukirudi, rudi na ufunguo wako. Usifanye kosa langu la kuuweka mfukoni mpaka ukashika kutu. Uzungushe, mwanangu. Hata kama pasi ni ya baridi.

Na nyinyi wawili, mimi si mtu wa laana. Nimechoka mno hata kulaani. Lakini radhi yangu naiacha humu ndani, na atakayemtoa dada yenu humu ataitoa pamoja naye. Mkubwa, niambie umesikia. Wewe mwalimu je? Vizuri. Usinijibu kwa methali, kutikisa kichwa kumetosha.

Chini ya sanduku kuna lile gauni la njano. Nivalisheni hilo. Nilinenepa likanikataa miaka mingi, sasa nimekonda, litanienea. Mtu asije akalitia uzi.

Mungu awape, wanangu... awape kazi inayolisha, na wenza wanaowauliza mmeshindaje. Watoto wenu wawe wengi wa kuwazika, nanyi msimzike hata mmoja. Mkigombana, mgombane mchana, jioni mle pamoja. Mkubwa, punguza sauti yako. Mwalimu... punguza maneno. Nimewasamehe yote, hata msiyoyajua. Na yule shangazi yenu... haya. Naye. Mwambieni.

Pumzi inakatika. Ngoja.

Binti, ingiza mkono chini ya mto. Umeupata? Ufunguo umepata joto langu, utapoa. Sasa ni wako, na chumba ni chako tangu saa hii, mashahidi hawa hapa. Kwa hiyo sasa naomba, mwanangu, mimi ndiye mgeni... nakuomba ruhusa. Watoe kaka zako. Toka na wewe pia, usininunie. Nataka kukaa humu peke yangu kidogo. Funga mlango, uzungushe... niusikie. Na mtu akigonga akiuliza nafanya nini, mwambie mama anapiga pasi.