Bibi Akavuta, Mimi Nikakohoa, Wakaandika Hakuna

Wazazi wangu, ndugu zangu, na nyie wanakwaya mnaocheka hata sijaanza: leo nasema ukweli, wenye roho ndogo watoke kwanza.

Niko kidato cha tatu hapa Mwisenge, na nimevuta sigara miaka mitatu. Msishike vichwa! Nilifundishwa nyumbani. Likizo nilikuwaga naenda Butiama kwa bibi. Bibi anavuta kama wamama wengi wazee wa kwetu, upande wa moto ndani ya mdomo.

"Mjukuu wangu, niwashie."

Nakimbia jikoni, nabandika sigara kwenye kaa, navuta mara mbili ikolee, nampelekea. Wakubwa wakanisifu: mtoto msikivu! Nawaambia ndugu zangu, usikivu huo ndio ulinimaliza. Mara mbili zikawa nne, mwisho bibi akawa anapokea kipisi. Nikaanza kununua zangu. Mpirani nikawa nakohoa kama pikipiki mbovu.

Likizo iliyopita akaja dada wa takwimu, anahesabu watu wazima wanaovuta. Baba mdogo akajibu haraka, "Hakuna, dada. Humu ni Wakristo." Bibi kafunga mdomo, moshi unamtoka puani!

Nikanyoosha mkono. "Mimi navuta."

"Una miaka mingapi?"

"Kumi na sita."

"Basi wewe haumo."

Haumo! Halafu redioni tutaambiwa uvutaji nchini unapungua. Umepungua wapi? Mapafu yangu yanasubiri kitambulisho cha taifa?

Yule dada alipotoka, baba mdogo akanifokea, "Umetuaibisha!" Nikataka kujibu, kikohozi kikanikaba mpaka nikapiga magoti. Hapo bibi akaitema sigara chini.

"Nyamaza wewe. Aliyemfundisha ni mimi. Kimbia ukamrudishe yule binti, aniandike."

Akaandikwa. Toka siku hiyo hajanituma sigara tena, na mimi sijagusa. Wiki ya kwanza niligombana mpaka na mbuzi.

Namshukuru bibi, aliyekubali aibu mbele ya mgeni. Namshukuru mwalimu wangu wa zamu: shule ilipofunguliwa nikamwambia nilikuwa navuta, akanipa maji ya kunywa badala ya fimbo. Funzo langu ni fupi: mkiulizwa, semeni kweli, maana mtoto msiyemtaja hakuna atakayemtibu.

Sasa wazee wa benchi la nyuma, nani anavuta? Nyoosheni mikono.

Hakuna hata mmoja?

Haya. Hata kanisani uvutaji umepungua.